Wote Walifaulu Jaribio, Makala Hawakupata: Kisa cha Mafunzo ya Maktaba Mtandaoni katika Chuo Kimoja cha Moshi

Kisa hiki kinatoka katika chuo kikuu kimoja mjini Moshi. Jina la chuo, majina ya wahusika, kozi na mwaka nimeviondoa, na mada za wanafunzi nimezibadilisha kidogo ili mtu asitambulike. Nilikuwa mmoja wa wakutubi watatu walioandaa mafunzo haya, kwa hiyo makosa nitakayoyaeleza ni yetu, na mengine ni yangu mwenyewe.

Usuli

Kwa miaka mingi maktaba yetu iliwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa njia moja tu: matembezi. Wiki ya kwanza ya chuo makundi yalipita mlangoni, moja baada ya jingine, mkutubi ametangulia anaonyesha kwa mkono: hapa vitabu vya kuazima, hapa vya kusomea humu humu ndani, kule majarida, begi linaachwa mlangoni, simu inyamazishwe. Baada ya nusu saa kundi linatoka, jingine linaingia. Mwanafunzi mwenyewe siku hiyo ana yake kichwani. Hajapata chumba, anazunguka Rau na Majengo kutafuta geto, bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, halijaingia, namba ya usajili haijatoka. Akija kuhitaji kitabu wiki ya saba, yote tuliyomwambia yameshapotea, wala huwezi kumlaumu.

Kaunta tulipokea maswali yale yale mwaka hadi mwaka. "Shikamoo mama. Kompyuta inasema kitabu kipo, rafuni hakipo." Naongozana naye, kitabu kipo. Tatizo ni namba. Vitabu vyetu vimepangwa kwa mfumo wa Dewey, ule uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambamo ushirika uko 334 na kahawa iko 633.73. Mwanafunzi anayetafuta 334.22 akifika 334.6 anaendelea mbele, kwa sababu machoni pake ishirini na mbili ni kubwa kuliko sita. Amesahau kwamba namba zinazofuata nukta husomwa kama desimali za shule ya msingi, tarakimu moja moja, hivyo 334.22 hutangulia 334.6. Kueleza hilo ni dakika mbili. Kulieleza kwa mamia, mmoja mmoja, foleni ikiwa imefika mlangoni, ni kazi ambayo wakutubi watatu hawaiwezi. Hapo ndipo wazo la mafunzo ya mtandaoni lilipozaliwa.

Toleo la kwanza

Chuo kilikuwa tayari kinatumia Moodle, mfumo wa bure wa kufundishia uliotolewa mara ya kwanza Australia mwaka 2002. Mtaalamu wetu wa TEHAMA alituongezea H5P, programu ya bure iliyoanzia Norway, ambayo hukuwezesha kusimamisha video katikati na kuuliza swali, au kumpa mwanafunzi vipande avipange kwa mpangilio. Hatukutaka kuanza na ukurasa mtupu, basi tukaangalia waliotutangulia. Kielelezo kilichotuvutia kilikuwa TILT, mafunzo yaliyoandaliwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo baadaye vyuo vingine viliruhusiwa kuyachukua na kuyabadili. Yalikuwa na sehemu tatu: kuchagua chanzo, kutafuta, na kutathmini ulichokipata. Tukafuata mpangilio huo, tukaugawa katika masomo 6.

Kila somo lilikuwa video ya dakika 10 hadi 12, sauti ya mwenzetu ikieleza kwa Kiingereza, na maswali yakijitokeza katikati. Mwisho wa yote jaribio la maswali 10 ya kuchagua jibu, la kusahihishwa na mashine. Aliyepata 8 alipewa cheti cha kuprinti. Mhadhiri wa kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo mwaka wa kwanza wote huisoma, alikubali kutoa alama 5 kwa kila atakayeleta cheti.

Sababu za maamuzi haya zilikuwa na mantiki wakati ule, na nataka nizieleze kwa haki. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia chuoni. Tulichagua mashine isahihishe kwa kuwa sisi tulikuwa watatu. Ruhusa ya kurudia jaribio mara nyingi mtu atakavyo tuliitoa kwa sababu bando huisha katikati na umeme hukatika, na hatukutaka mtu akose alama kwa jambo lisilo kosa lake. Video tuliiona ni kitu cha kisasa kitakachowapendeza vijana.

Mwezi mmoja baadaye karibu darasa zima lilikuwa na cheti. Tukaandika ripoti, na uongozi ukatupongeza.

Karatasi mezani kwa mhadhiri

Mhadhiri yule alinipigia simu mwishoni mwa muhula. "Dada, wanafunzi wako wamefaulu wote. Njoo uzione karatasi zao."

Nilikaa ofisini kwake mchana mzima nikisoma kurasa za mwisho, zile za marejeo. Kulikuwa na karatasi zilizotaja injini ya kutafutia kama ndiyo mwandishi. Nyingine ziliorodhesha desa (notsi za somo) la mwaka uliopita, lile linalouzwa steshenari nje ya geti, kwa jina la mwalimu aliyeandaa. Karatasi nyingi zilikuwa na vyanzo vitatu au vinne vilivyofanana kabisa, kana kwamba mtu mmoja alivipata akavigawa. Vitabu vya maktaba yetu vilikuwa vichache. Makala za majarida, yale ambayo chuo kimejisajili ili wanafunzi wayasome bure, sikuziona kabisa katika karatasi nilizopitia siku ile.

Nilirudi kwenye kumbukumbu za Moodle. Wanafunzi wengi walikuwa wamefungua jaribio bila kufungua somo hata moja. Walilimaliza kwa dakika tatu, nne, saa za usiku wakati bando la usiku ni rahisi. Kijana mmoja anayetusaidia kupanga vitabu alinionyesha, kwa kusitasita, ujumbe uliokuwa umezunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa: namba za maswali 1 hadi 10, na mbele ya kila namba herufi ya jibu.

Mwenzangu mmoja alikasirika akataka tubadilishe maswali na kuwaadhibu waliosambaza. Nilimwelewa. Lakini nilipolitazama jaribio lile tena niliona mtu angeweza kupata 10 kati ya 10 kwa haki, bila orodha yoyote ya majibu, na bado asijue kutafuta. Tulikuwa tumeuliza "katalogi ya mtandaoni ni nini?" Hatukuwa tumemwomba mtu yeyote atafute chochote ndani ya orodha hiyo ya vitabu vya maktaba.

Tulipokaa nao

Uamuzi uliobadilisha kila kitu haukugharimu hata shilingi. Niliomba wanafunzi watano, mmoja mmoja, waje wakae mbele ya kompyuta na kutafuta vyanzo vya kazi waliyokuwa nayo mkononi. Mimi nilikaa pembeni na daftari, nikaahidi kutosema neno. Kunyamaza ni kugumu kuliko nilivyodhani.

Wa kwanza alikuwa binti wa Kibosho. Kazi yake ilihusu mchango wa kilimo cha asili katika chakula cha kaya Moshi Vijijini. Alifungua katalogi yetu akaandika kichwa chote cha kazi kama alivyopewa na mwalimu, kwa Kiingereza, maneno yasiyopungua kumi na tano. Kompyuta ikamjibu kwamba hakuna kitu. Akasoma upya kuona kama amekosea herufi, kisha akaongeza neno "Tanzania" mwishoni. Hakuna kitu. Hakujua kwamba katalogi yetu hutafuta kitabu chenye maneno yote kwa pamoja, kwa hiyo kila neno analoongeza linambania mlango zaidi. Yeye alidhani anaisaidia mashine imwelewe.

Akahamia Google. Huko alipata makala iliyoonekana kufaa, akabofya, ukurasa ukamtaka alipe dola. Akaufunga haraka, kama mtu aliyegusa kitu cha moto. "Mama, hizi ni za kulipia," akaniambia. Makala ile ile angeisoma bure kama angepitia lango la Research4Life. Mpango huo ulianza mwaka 2002 na Hinari ya Shirika la Afya Duniani, ukafuatiwa mwaka 2003 na AGORA ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa upande wa kilimo, na vyuo vya nchi kama yetu hujisajili na kupewa jina na nywila. Video yetu ya somo la nne ilieleza hayo yote. Alikuwa na cheti chetu.

Nikavunja ahadi yangu. Nikamuuliza, "Nyumbani kwenu mnalima nini?"

"Ndizi na kahawa, mama. Kile kihamba cha babu."

Nikamwomba anieleze kihamba. Akabadilika kabisa. Akaeleza miringaringa mirefu iliyoachwa kwa makusudi ili itoe kivuli, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini kabisa, ng'ombe na mbuzi wanaolishwa bandani kwa majani ya migomba, na samadi yao inayorudi shambani. Akaeleza kwa nini babu yake hakukubali kung'oa kahawa hata bei ilipoanguka. Kwa dakika tano alinipa maarifa mengi kuliko kurasa zote za karatasi yake.

"Sasa wataalamu kwenye majarida wanakiitaje?" nikauliza.

Akanyamaza. Hakuwa na jina. Kitu alichokulia ndani yake, alikuwa nacho kwa Kichaga na kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza alikuwa na kichwa cha kazi alichopewa na mwalimu, basi.

Tukaandika "Chagga homegardens". Zikaja makala, nyingine za tangu mwaka 1984, kuhusu kilimo-misitu cha tabaka tabaka kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ikaja pia taarifa ya FAO iliyotambua kihamba cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia. Alisoma jina la Shimbwe kwa sauti. "Kumbe wameandika kwetu!"

Wanafunzi wanne waliofuata walikwama mahali pale pale, kila mmoja na mada yake. Kijana wa ushirika aliandika SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, akapata makala za Tanzania na Kenya, lakini hakujua kwamba kwingineko duniani chombo kama hicho huitwa "credit union", na kwamba nusu ya maarifa aliyoyatafuta yamehifadhiwa chini ya jina hilo. Mwingine alitaka habari za mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji ya mlima mashambani, akaandika "mfongo" halafu "traditional water". Majarida hutumia zaidi "furrow irrigation". Sikuona mvivu hata mmoja kati yao.

Maamuzi na sababu zake

Tulifuta video zote. Iliniuma, maana mwenzetu alikuwa amezirekodi usiku kwa usiku, mara nyingine akisubiri mbwa wa jirani wanyamaze. Lakini zilikuwa nzito kwa bando, na mtu anaweza kuitazama video nzima akiwa anapika.

Badala yake tulitengeneza kadi fupi. Kila kadi ina kazi moja ya kufanya kwenye katalogi halisi au kwenye lango halisi, kisha mwanafunzi anarudi kuandika alichokikuta. Wazo tulilitoa kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Arizona, ambayo mwaka 2012 ilitoa bure programu iitwayo Guide on the Side: maelekezo hukaa ubavuni na tovuti yenyewe hufunguka kando yake, hivyo mtu anajifunza huku anatenda. Programu hiyo hatukuweza kuisimika kwenye seva yetu. Isitoshe, wanafunzi wetu wengi hutumia simu, na kioo cha simu hakigawiki mara mbili. Kadi moja, kazi moja, kwenda na kurudi, hilo liliwezekana.

Mada ikawa ya mwanafunzi mwenyewe. Kadi ya kwanza inamwuliza kazi aliyopewa na mwalimu inahusu nini, na kadi zote zinazofuata zinaijenga mada hiyo. Wanafunzi 200 wenye mada tofauti hawawezi kutumia orodha moja ya majibu.

Kadi ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Inamtaka aeleze mada yake kwa lugha anayoitumia nyumbani, kama anamsimulia bibi yake. Ya tatu inamtaka atafute majina ya Kiingereza ya vitu alivyovitaja, akianza na orodha tuliyoianzisha sisi: kihamba, mfongo, SACCOS, na mengine machache. Ya nne inamwonyesha namna ya kuyaunganisha. "Homegarden" huandikwa neno moja na wengine, maneno mawili na wengine, kwa hiyo yaunganishwe kwa OR ili yote yaje. "Chagga" na "Chaga" vivyo hivyo. Kisha AND iingie kati ya kihamba na chakula ili uwanja upungue. Na onyo kwamba kinyota (*) kinachosaidia kwenye hifadhidata nyingi kuleta miisho yote ya neno, Google Scholar haikitumii kwa namna hiyo.

Kuhusu lugha tulibishana kikao kizima. Mwenzetu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alishikilia kwamba mitihani ni ya Kiingereza na kuwafundisha kwa Kiswahili ni kuwadekeza. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, na chuo kina wanafunzi kadhaa wasiojua Kiswahili vizuri. Mimi nilimsimulia habari ya binti wa Kibosho. Tukakubaliana maelezo yawe kwa Kiswahili, maneno yanayoonekana kwenye kioo yabaki kama yalivyo, na toleo la Kiingereza liwepo kwa anayelitaka.

Mrejesho tuliuandika upya wote. Toleo la kwanza lilimwambia aliyekosea "Si sahihi, jaribu tena", sentensi isiyomfundisha mtu kitu. Sasa aliyepata majibu sifuri anasoma hivi: "Umetumia maneno mangapi? Katalogi inatafuta kitabu chenye maneno hayo yote kwa pamoja. Bakiza mawili yanayobeba mada, utafute tena." Kwenye zoezi la rafu, anayeweka 334.6 kabla ya 334.22 anaonyeshwa namba hizo zikiwa 334.60 na 334.22, aone mwenyewe. Kuandika mrejesho kwa kila kosa kulichukua muda mrefu kuliko kutengeneza kadi zote, kwa sababu ilibidi kwanza tujue mtu hukosea vipi, na hilo hulijui mpaka umekaa naye.

Alama 5 tulizitoa kwenye jaribio tukazipeleka kwenye shajara ya utafutaji, ukurasa mmoja unaoambatishwa na kazi ya darasa: maneno niliyotumia, mahali nilipotafuta, nilichopata, nilichobadilisha na kwa nini. Utafutaji ulioshindwa hupata alama kamili ukielezwa vizuri.

Na kuna jambo nusura lituharibikie. Katika rasimu ya kadi ya lango nilikuwa nimeweka picha ya kioo cha kompyuta yenye jina na nywila ya chuo vikionekana wazi, na ukurasa wenyewe ulikuwa unafunguka kwa mtu yeyote wa nje. Masharti ya Research4Life yanakataza kuweka nywila hadharani, na chuo kinaweza kufungiwa. Mtaalamu wa TEHAMA aliiona jioni moja kabla ya kuzindua. Tangu siku hiyo kadi hiyo iko nyuma ya mlango wa kuingilia wa Moodle, na hakuna picha inayotoka kabla ya macho ya mtu wa pili kuipitia.

Matokeo

Waliomaliza walipungua. Toleo la kwanza lilimalizwa na karibu wote, la pili liliachwa njiani na wengi, hasa kwenye kadi ya lango, ambako ukurasa hufunguka polepole na bando linakwisha. Tulifungua maabara ya kompyuta jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya hao, na jioni hizo zilijaa. Uongozi uliuliza kwa nini takwimu zimeshuka. Nilipeleka karatasi za wanafunzi badala ya takwimu, nikaomba zisomwe kurasa za mwisho.

Kurasa hizo zilikuwa zimebadilika. Makala za majarida zilionekana. Vyanzo vilitofautiana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Kwenye kaunta swali la "rafuni hakipo" lilipungua kiasi cha mimi kuanza kuona kitabu kikikosekana kweli, jambo ambalo zamani lilifichwa na makosa ya namba. Shajara nyingine zilikuwa raha kuzisoma. Mmoja aliandika kwamba alitafuta mara saba bila kupata, ya nane akabadilisha neno moja.

Nyingine zilikuwa za kunakili. Kusahihisha kulitulemea: wakutubi watatu na mhadhiri mmoja, wiki mbili mfululizo. Wahadhiri wa madarasa mengine makubwa waliipenda shajara, wakakataa kuisahihisha. Halafu tovuti ya lango ilipobadilisha sura, picha za kadi mbili zikawa za uongo siku hiyo hiyo, wanafunzi wakitafuta kitufe ambacho hakipo tena.

Uchambuzi

Toleo la kwanza lilikuwa na kubofya kwingi, nasi tukadhani kubofya ndiko kushiriki. Mtu anashiriki pale anapolazimika kuamua jambo ambalo matokeo yake atayaona: neno lipi abakize, makala ipi aifungue. Video inayosimama na kuuliza swali ina uamuzi mmoja tu ndani yake, nao ni kubahatisha herufi ipi. Kama ningeanza upya, pesa na usiku tuliotumia kwenye video ningeutumia wote kwenye mrejesho.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuiga mpangilio wa Texas bila kujiuliza uliandaliwa kwa ajili ya nani. Kuchagua, kutafuta, kutathmini ni hatua sahihi kwa mwanafunzi ambaye maneno ya mada anayo tayari kwa lugha ya hifadhidata. Wetu ana hatua nyingine kabla ya hizo zote, ya kuvuka kutoka jina la nyumbani kwenda jina la jaridani. Ndiyo maana naamini uamuzi wa Kiswahili ulifanya kazi. Urahisi wa kusoma ulisaidia, lakini zaidi ya hapo ulimwambia mwanafunzi kwamba anachokijua kutoka nyumbani kinaingia katika kazi ya chuo. Mwenzangu mtu mzima bado hakubaliani nami kuhusu sehemu ya maelezo, ingawa kadi ya pili ameikubali na ameichukua katika semina zake.

Kuhamisha alama kulizuia orodha ya majibu, hakukuzuia kunakili. Nadhani hapo tulifika mwisho wa kile ambacho mfumo unaweza kufanya. Shajara za kunakili zilitoka zaidi kwa wanafunzi ambao kazi yao ya darasa ilikuwa ya kundi, mada moja kwa watu kumi, na hilo ni suala la kuzungumza na mhadhiri.

Mahali tuliposhindwa wazi ni kutathmini. Wanafunzi walijifunza kupata makala, kisha wakachukua tatu za kwanza kwenye orodha. Somo letu lilibaki kuwa orodha ya kuweka tiki: mwandishi yupo, mwaka upo, mchapishaji yupo. Majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote alimradi mwandishi amelipa yana vyote hivyo, na mwanafunzi wetu mmoja aliyanukuu mawili akiwa ameweka tiki zote. Kilichosaidia kidogo ni jioni moja maabara tulipowapa makala mbili zinazopingana kuhusu bei ya kahawa na kuwaacha wabishane. Walibishana vizuri sana. Bado hatujaweza kuuhamisha ubishi ule kwenye kadi, na sina uhakika kama inafaa kujaribu.

Upande wa ufundi ni mfupi. Picha za vioo vya tovuti za watu wengine zimepungua hadi mbili, kila moja ina tarehe, na mmoja wetu huzikagua muhula unapofunguka.

Orodha ya maneno ndiyo iliyokua bila kusukumwa. Tuliifungua ili wanafunzi waongeze wenyewe, mkutubi akithibitisha kwa kutafuta kwanza. Muhula uliopita kijana wa Same aliongeza "ndiva", yale mabwawa madogo ya Upareni yanayokusanya maji usiku ili yagawanywe mashambani asubuhi. Kwenye safu ya jina la Kiingereza aliacha wazi. Nilidhani amesahau, nikaenda kutafuta nimjazie. Makala zilizokuja, za watafiti wa maji waliofanya kazi Upareni, zimeandika ndiva hivyo hivyo, kwa Kipare, katikati ya Kiingereza chao. Nikaiacha safu ilivyo.